Malalamiko Kuhusu Gari Moja Kuonekana Mahali Pawili Katika Picha ya Dunia

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Kuunga Picha ya Dunia Nzima.

Kuhusu: Gari la Baba Mdogo, wingu lenye pembe nne, na ofisi yangu ambayo haipo duniani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na setilaiti zako zote. Sisi huku si wazima sana, na sababu ni ninyi.

Kwa kuwa hatujuani, inafaa nijitambulishe. Mimi ni kijana mwenye shahada, niliyehitimu kwa daraja ambalo sitalitaja mpaka niulizwe (ni la kwanza). Nimesoma falsafa, historia ya sayansi, na vitabu vingine vingi ambavyo hakuna mwalimu aliyeniagiza. Kwa sasa ninaendesha Ofisi ya Ushauri wa Maandishi, iliyo chini ya mwavuli mkubwa wa manjano mbele ya jengo la halmashauri. Hapo huwaandikia wananchi barua za kuomba, kukanusha, kusihi na, inapobidi, kutishia kwa adabu. Nakueleza haya ili utambue mapema kwamba umeandikiwa na mtu ambaye kulalamika ndiyo kazi yake.

Naishi katika chumba cha uani nyumbani kwa Baba Mdogo, aliyenilea na kunisomesha. Yeye husafirisha samani kwa gari la mizigo la buluu lenye boneti nyeupe. Boneti hiyo aliitoa katika gari jingine lililokwisha kufa, na kila mwaka huahidi kuipaka rangi. Duniani hakuna gari la pili la namna hiyo, na kwa kuyahurumia macho ya watu halipaswi kuwepo. Mkewe, Mama Mdogo, ni karani wa mahakama. Ameketi miaka mingi akiandika maneno ya mawakili, na mengi yamemwingia mwilini.

Jumamosi ijayo Baba Mdogo anatarajiwa kuongoza ugeni wa familia yetu kwenda kuniposea binti wa mpima ardhi mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Kigingi. Mzee huyu haamini kitu ambacho hakimo katika ramani. Tangu picha yenu ya dunia kutoka angani ilipotoka, ameshakagua paa la kila mtu mtaani isipokuwa la kwake, kwa sababu, asemavyo, la kwake analijua lilipo. Bila Baba Mdogo hakuna ugeni. Bila ugeni hakuna posa. Na bila posa mimi nitazeeka nikiwaandikia watu wengine barua za mapenzi. Hilo ndilo lililo hatarini. Mengine yote nitakayoyasema ni matawi ya mti huo mmoja.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, ili mtakapojibu msiruke hata moja.

1. Gari kuonekana mahali pawili.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Baba Mdogo aliifungua picha yenu kwenye simu yake na kutuita sote mezani kana kwamba nyumba inaungua. "Njooni muone! Gari langu linaonekana kutoka angani! Watu wana maghorofa hayatambulikani, boneti yangu inang'aa!" Kweli, lilikuwepo, limeegeshwa getini kwetu, dogo kama punje, jeupe mbele na buluu nyuma. Mama Mdogo alivaa miwani, akaichukua simu, akalisifu gari, akamsifu na mwenye gari. Ilikuwa Jumapili njema.

Kisha kidole chake kikateleza kidogo upande wa kulia. Katika mtaa wa pili, nje ya duka la msusi, palikuwa na punje nyingine, nyeupe mbele na buluu nyuma.

"Na hili je, mume wangu?"

Kwa haki kabisa, namsifu Baba Mdogo kwa jibu lake la kwanza. Alisema kwamba gari haliwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo moja kati ya hayo si lake, na la kwake ni lile la getini. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki safi. Hata Mama Mdogo aliikubali. "Haya," alisema, "basi mjini mna mwendawazimu mwingine mwenye boneti nyeupe." Akanywa chai yake. Jambo lilikuwa limekwisha.

Nasisitiza, Mheshimiwa: jambo lilikuwa limekwisha.

2. Elimu yenu kunilazimisha kusema ukweli.

Mtu aliyesoma hawezi kukaa kimya pale kosa la kisayansi linapopita mezani pamoja na sukari. Nililazimika kuitetea kazi yenu. Nilieleza kwamba picha ile haikupigwa kwa mara moja. Nilieleza jinsi setilaiti inavyopita juu yetu ukanda baada ya ukanda, kama mtu anayepiga deki sebuleni. Jinsi siku zenye mawingu zinavyotupwa. Jinsi kila mahali panavyochaguliwa siku yake iliyotakata. Na jinsi vipande hivyo vya siku mbalimbali vinavyounganishwa mpaka ipatikane dunia nzima isiyo na wingu. Getini kwetu huenda ni Machi, nikasema, na kwa msusi huenda ni Agosti. Kwa hiyo gari moja linaweza kabisa kuonekana mahali pawili!

Nilieleza vizuri mno. Nilipofika kwenye usahihishaji wa rangi ya bahari, nilihisi Baba Mdogo ananikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ni bahati mbaya, nikausogeza mguu, nikaendelea.

Nilipomaliza, Mama Mdogo alivua miwani. "Asante, mwanangu. Kweli umesoma." Kisha akamgeukia mumewe kwa upole ambao, nimeambiwa, huko mahakamani huwafanya hata mawakili wazoefu waombe maji. "Kwa hiyo ni siku mbili. Hii ya pili ilikuwa siku gani?"

Baba Mdogo alisema hakumbuki. Alipotazamwa, akakumbuka kwamba alikuwa anapeleka jokofu. Alipoulizwa jokofu la nani, likageuka kuwa pancha. Alipoulizwa tairi lipi, akasema aliposimama pale alikuwa anauliza njia.

"Njia!" alisema Mama Mdogo. "Mtaa ulimozaliwa! Uliuliza njia ya kwenda wapi, tumboni?"

Najua utasema kwamba hayo ni matatizo ya ndoa, si ya picha. Napinga. Kabla ya picha yenu tulikuwa na gari moja na ndoa moja. Baada ya picha yenu tuna magari mawili na nusu ya ndoa. Hesabu hiyo haikufanywa na sisi.

3. Madhara yaliyonipata mimi binafsi, chumbani kwangu.

Baba Mdogo sasa analala kwangu. Kitanda ni changu, mimi niko sakafuni. Anakoroma kwa namna ya mtu anayesukuma kabati ngazini. Amechukua kitabu changu kinene cha historia ya dunia akakifanya mto, na nilipomwambia kwa heshima kwamba kitabu hicho kina thamani ya kielimu, alijibu kwamba elimu ndiyo iliyomleta hapo, acha imbebe kichwa. "Nimekusomesha," husema kila anapogeuka upande, "ili uje unitolee ushahidi."

Mama Mdogo, kwa upande wake, ameapa kutokanyaga tena kwa msusi yule, ingawa ndiye aliyemsuka miaka yote na hakuna mwingine anayeziweza nywele zake. Anakwenda mahakamani amejifunga kitambaa, na hakimu amemuuliza kama kuna msiba. Kuhusu Jumamosi, ametoa uamuzi mfupi: mtu asiyeweza kueleza gari lake lilipokuwa hawezi kwenda kuisemea familia mbele ya watu. Ugeni wangu, Mheshimiwa, umesimama kwa sababu ya punje moja yenye rangi mbili.

4. Wingu lenye pembe nne.

Mnajigamba kwamba dunia yenu haina hata wingu moja. Naomba mtazame kiwanja cha mpira kilicho nyuma ya duka la msusi huyohuyo. Pana baka jeupe, kubwa, lenye pembe nne zilizonyooka, limefunika goli moja na sehemu nzuri ya kiwanja. Nimelichunguza kwa utulivu. Si nyumba, kwa kuwa pale hapajengwi. Si maji, kwa kuwa maji hatuyaoni hata bombani. Kwa njia ya kuondoa kimoja baada ya kingine, ambayo ndiyo njia ya wanazuoni, nimehitimisha kwamba ni wingu ambalo mtumishi wenu alianza kulifuta, akalinyoosha kingo, kisha akaenda kula.

Mtaniambia mawingu hayana pembe. Nami nawajibu: ndiyo maana nalalamika. Idara inayoweza kuacha wingu la mstatili katikati ya kiwanja cha mpira, mbele ya sayari nzima, itaaminiwa vipi katika suala zito kama gari la mume wa mtu?

5. Ofisi yangu kutokuwepo duniani.

Jumatano Mzee Kigingi alikuja mpaka mezani kwangu, mbele ya halmashauri, akasimama chini ya mwavuli wangu, kwenye kivuli changu, simu mkononi. "Kijana," alisema, "nimeitafuta ofisi yako. Nimeona mtaro. Nimeona mti. Nimeona mbuzi. Ofisi sijaiona."

Nikamwonyesha mwavuli uliokuwa juu ya kichwa chake. Aliutazama, akaitazama simu, akautazama tena, akaniambia kwa huruma kwamba yeye huenda na kilichopimwa.

Mheshimiwa, mimi hufungua mwavuli huo kila siku ya kazi. Nimemhakikishia mzee wangu huyo, kwa maneno mazito, kwamba tangu nianze sijakosa hata siku moja, na hilo ndilo nililotegemea zaidi katika kuombea binti yake. Sasa ninyi, kati ya siku zote mlizokuwa nazo, mkachagua ile ambayo mwavuli haukuonekana, mkamwacha mbuzi! Mbuzi huyo hana shahada. Hana hata mwenyewe anayejulikana. Lakini leo anatambulika kwa sayari nzima kama mtumishi pekee wa mahali pangu pa kazi.

6. Mtihani wa kifalsafa.

Dunia ambayo Machi inapakana na Agosti kwenye kona ya mtaa haijawahi kuwepo, haipo, wala haitakuwepo. Mmeunga vipande vya kweli mkapata kitu kizima cha uongo. Ni sawa na kuichukua pua ya mtu akiwa mtoto, masikio yake akiwa kijana na upara wake wa uzeeni, kisha kumpelekea mkewe na kumwambia: huyu hapa mumeo, siku alipopendeza. Mimi sipingi uzuri. Napinga kuchaguliwa siku. Sisi wengine hatukuwahi kuchaguliwa siku tulizopendeza. Tulionekana kama tulivyokutwa.

Kwa sababu hizo, ninadai yafuatayo:

(a) Dunia ipigwe picha upya, yote kwa pamoja, kwa dakika moja. Najua mtasema kwamba nusu yake huwa gizani. Nimelitafakari hilo. Wakazi wa upande wa usiku watoke nje na taa, kila mtu na yake, wazishike juu mpaka mmalize. Kuhusu mawingu, yaachwe yalipo. Wingu nalo ni mkazi wa dunia. Sitaki kuona kitu chochote kimefunikwa au kufunuliwa kwa upendeleo, hata kama mwombaji ni nani. Ukweli haupambwi.

(b) Kabla ya dakika hiyo litolewe tangazo kwa lugha zote, ili kila mwenye gari aliegeshe mahali anapoweza kupaeleza.

(c) Gari lililo nje ya duka la msusi lifutwe mara moja, na Mama Mdogo aletewe barua yenye mhuri inayosema kwamba halikuwahi kuwepo. Mhuri uwe halisi. Yeye ni karani wa mahakama, na kivuli cha waraka hakipokei.

(d) Wingu la mstatili liondolewe, na aliyeliacha aonywe.

(e) Ofisi yangu irejeshwe duniani. Mbuzi anaweza kubaki, lakini awe pembeni.

Yote haya yatekelezwe kabla ya Jumamosi. Mkishindwa, sitakuwa na njia ila kuunga dunia yangu mwenyewe. Nitapanda juu ya tangi la maji na simu yangu, nitapiga kipande baada ya kipande, siku baada ya siku, na nitachagua kama mnavyochagua ninyi. Na katika dunia hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, gari lako wewe nitaliegesha kwa msusi.

Nakuombea kazi njema na anga lililotakata. Nisalimie naibu wako, makarani wako wa mawingu, mafundi wa rangi ya bahari, na yule bwana au bibi anayechagua siku. Mwambie simchukii, ila tungekutana ningemuuliza maswali. Wasalimie pia setilaiti, ambazo naamini hazina hatia, kwa kuwa zenyewe hupita tu. Baba Mdogo anakusalimu kutoka kitandani kwangu. Mama Mdogo hakusalimu kwa sasa.

Ni mimi, mwenye haki na mgongo unaouma,

Mkuu wa Ofisi ya Ushauri wa Maandishi
(chini ya mwavuli wa manjano, popote mnaposema haupo)

Tanbihi:

Nilikuwa nimekwisha kusaini nilipokumbuka kwamba malalamiko bila ushahidi ni porojo. Nikaenda kuchapisha picha ya mtaa wetu na ule wa msusi, kwa rangi, kwenye karatasi kubwa kama kitambaa cha meza, ili niiambatishe. Niliitandaza mezani niikunje. Mama Mdogo alikuwa anapita na sufuria. Akasimama. Mpaka leo alikuwa ameiona picha hiyo katika simu tu, tena yenye kioo kilichopasuka.

Aliweka kidole juu ya wingu lenye pembe nne. "Hili si turubai la sherehe yako?"

Nilitazama. Ni turubai la sherehe yangu ya kuhitimu, Mheshimiwa. Lilifungwa pale kiwanjani tangu asubuhi, na chini yake nilitoa hotuba ambayo baadhi ya ndugu zangu bado hawajanisamehe. Na asubuhi hiyo, kabla ya wageni kufika, Baba Mdogo alimpeleka mkewe kwa msusi akasukwe kwa ajili ya sherehe, akamsubiri nje, ndani ya gari, mpaka akasinzia. Mwanamke ambaye Mama Mdogo alikuwa akimtafuta wiki nzima ndani ya duka lile alikuwa yeye mwenyewe.

Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Kisha akafungua dirisha la uani: "Wewe mpeleka majokofu! Rudi ndani!" Baba Mdogo alitoka na kitabu changu kwapani, kwa mazoea, akauliza kwa uchungu kwa nini mkewe hakukumbuka mapema. "Ningekumbukaje," alijibiwa, "na wewe umeshaniletea pancha?" Kesho Mama Mdogo anakwenda kusukwa. Jumamosi ipo palepale, na Baba Mdogo ndiye msemaji.

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko ya 1, 2, 3 na 4, na dai la (c) na la (d). Tafadhali msifute gari. Hasa msiguse turubai: ni picha pekee inayoionyesha sherehe yangu kwa kiwango inachostahili, yaani kutoka angani. Anayechagua siku aongezwe mshahara.

Ingekuwa vyema barua hii ikaishia hapo. Lakini kidole cha Mama Mdogo kilikuwa kimepata ladha ya kazi. Kiliendelea kutembea, kikavuka barabara, kikaingia nyuma ya nyumba ya Mzee Kigingi, kikasimama kwenye bustani ya mboga, juu ya duara kubwa la manjano. Siku hiyo naikumbuka. Mzee alikuwa amesafiri, na mimi na binti yake tulikuwa na mjadala wa kitaaluma uliohitaji kivuli.

Mama Mdogo alinitazama juu ya miwani. "Na wewe, mwanangu? Hii ilikuwa siku gani?"

Nikafungua mdomo nieleze. Baba Mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza, na safari hii nikaelewa.

Hivyo basi, nafuta pia dai la (a), hasa pale niliposema kuhusu kufunika na kufunua. Niliandika kwa jazba. Mzee Kigingi bado hajaikagua nyumba yake. Kabla hajapata wazo hilo, naomba mpeleke wingu juu ya bustani ile. Dogo tu, Mheshimiwa. Hata likiwa na pembe nne.